Mkanda mmoja, mizigo mitatu: uchambuzi wa Land Cruiser iliyochemsha kwenye mpando wa Lerai

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya kubebea watalii, shasi imerefushwa, viti 7 vya wageni, paa la kufunguka, injini ya 1HZ. Lililetwa gereji Arusha msimu wa nyumbu kuzaa kule Ndutu, likiwa na malalamiko mawili ambayo mwenye gari aliyahesabu kuwa mambo mawili tofauti. La kwanza, kila asubuhi kambini linapiga ukelele mkali mbele ya injini. La pili, lilichemsha na wageni ndani wakati linapanda kutoka Kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Lerai, na dereva akalazimika kusimama kwenye kona akisubiri lipoe huku magari mengine yakipiga honi nyuma yake.

"Fundi, linalia asubuhi tu," dereva alieleza. "Likishatembea kidogo linanyamaza. Nilijua ni umande."

Sentensi hiyo ilikuwa na nusu ya jibu. Umande hunyamaza baada ya dakika chache. Huu ukelele, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa mrefu zaidi kila walipolala kambi isiyo na umeme, na mfupi walipolala hoteli. Hapo nikaanza kufikiria betri kabla hata sijafungua boneti.

1HZ ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo, na imekuwa kwenye Land Cruiser tangu 1990. Ndiyo injini iliyolea biashara ya safari kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu haina kompyuta ya kubembeleza na spea zake zipo hata Karatu. Mbele yake kuna mikanda miwili ya V inayokaa sambamba. Yote miwili inatoka puli ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, inazunguka puli ya feni na pampu ya maji, kisha puli ya altaneta, mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri, na kurudi. Kiyoyozi kina mkanda wake peke yake. Pampu ya usukani huendeshwa kwa gia, haimo kabisa kwenye mikanda. Mkanda wa taimingi uko ndani ya kifuniko chake, na hauingii kwenye habari hii ingawa watu huchanganya.

Kwa hiyo mikanda ile miwili ndiyo inayobeba mizigo mitatu: feni, maji na umeme. Kwenye gari hili nilikuta mmoja tu.

Wa pili haukukatika. Uliondolewa. Miezi kadhaa nyuma, mwenye gari alichoka na betri zinazokufa kambini, akapelekewa fundi umeme ambaye alitoa altaneta ya awali ya ampia 80 na kufunga nyingine iliyoandikwa ampia 160. Altaneta hiyo mpya ilikuja na puli ya mfereji mmoja, tena puli ndogo kuliko ya zamani. Ukiwa na puli ya mfereji mmoja kwenye altaneta, mkanda wa pili hauna pa kupita wala cha kuukaza, basi ukaachwa. Gari likawaka, taa ya chaji ikazimika, volti zikapanda, kila mtu akaridhika.

Sasa tupige hesabu ambayo hakuna aliyeipiga siku ile. Altaneta ikitoa ampia 80 kwa volti 14 inazalisha wati 1,120. Altaneta za kawaida za magari hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto. Ukichukulia ufanisi wa asilimia 60, mkanda lazima uiletee karibu kilowati 1.9. Ikitoa ampia 160, mkanda unatakiwa kuleta karibu kilowati 3.7. Mzigo wa altaneta uliongezeka maradufu na mikanda ya kuubeba ikapunguzwa nusu. Kila mkanda, kwa upande wa altaneta peke yake, ulitakiwa kufanya kazi mara 4 ya ile iliyokusudiwa. Bado feni. Bado maji.

Mkanda wa V haushiki kwa tumbo lake, unashika kwa mbavu. Unajikita kati ya kuta mbili za puli zilizoinama, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kubanwa. Kwa pembe ya digrii 38 hivi, kubanwa huko kunaupa mshiko wa karibu mara 3 ya mkanda bapa uliovutwa kwa nguvu ileile. Lakini mshiko unategemea pia ni kiasi gani cha mzingo wa puli kimekumbatiwa, na hapo puli ndogo ndiyo inayopoteza. Ndiyo maana mkanda ukizidiwa huanza kuteleza kwenye altaneta kabla ya kwingine kokote. Unapoteleza unapata joto, mbavu zake zinang'aa kama kioo, na mkanda uliong'aa unateleza kwa urahisi zaidi kesho yake.

Ushahidi ulikuwa wazi kwa macho: vumbi jeusi la mpira kwenye breketi ya altaneta na ndani ya boneti, mbavu za mkanda zinang'aa, na tumbo la mkanda limegusa chini ya mfereji wa puli hadi chuma kimesuguliwa cheupe. Mkanda ukifika chini ya mfereji umekwisha, hata kama hauna ufa hata mmoja, kwa sababu haubanwi tena na kuta. Tuliliwasha baada ya kuziacha betri zipungue usiku kucha. Ukelele ulianza palepale. Nilipozima friji na kutenganisha betri za kambi, zile za ziada zinazoiendesha, ukanyamaza. Nilipoziunganisha tena, ukarudi.

Huo ndio umande wa dereva. Betri mbili za risasi na asidi zilizolala tupu zilikuwa zimeunganishwa na ile ya gari kwa rilei ya kawaida, swichi ya umeme isiyo na kikomo cha ampia. Asubuhi injini inapowaka, rilei inafunga, na betri zinavuta kila ampia ambayo altaneta inaweza kutoa. Zikishajaa kidogo zinapunguza, mkanda unapumua, kelele inakwisha.

Na Lerai? Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, kwa sababu gari kuchemsha kuna sababu nyingi na ni rahisi kumsingizia mkanda. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300 juu ya bahari na sakafu yake iko takriban mita 600 chini. Barabara ya kupanda ina kona kali na mwinuko mkubwa, gari linakwenda kwa gia ya kwanza, mara nyingi likiwa kwenye gia nzito, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna upepo wa barabarani unaopita kwenye rejeta. Kazi yote ya kupoza ni ya feni na pampu ya maji. Hewa ni nyepesi kwa hiyo feni inasukuma kidogo kuliko ingesukuma Tanga. Na kama kifuniko cha rejeta kimechoka na hakishiki presha, maji kwenye urefu huo huchemka karibu nyuzi 92, siyo 100.

Ongeza namna siku ya kreta inavyokwenda. Gari linatembea dakika 10, linazimwa nusu saa wageni watazame faru, linawashwa tena. Friji inafanya kazi, kamera na simu za watu 7 zinachaji. Mchana kutwa betri hazijapata nafasi ya kujaa. Linapofika chini ya mpando saa tisa alasiri, altaneta inavuta nguvu zake zote, mkanda umeshapata moto na kulegea, na unaanza kuteleza wakati hasa feni inapohitajika kuliko wakati wowote mwingine wa siku.

Hata hivyo tulikagua watuhumiwa wengine kwanza. Rejeta ilikuwa na mbegu za nyasi za Serengeti zilizojikusanya kati yake na kondensa ya kiyoyozi. Tulizitoa, na hakika zilichangia. Themostati ilifunguka vizuri kwenye sufuria ya maji ya moto. Klachi ya feni ilikuwa nzima. Kifuniko cha rejeta tulibadilisha bila mjadala, ni kitu cha bei ndogo. Pampu ya maji ilikuwa na mchezo kwenye beringi na alama ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka chini ya tundu lake la kuvujia. Dereva alisema alikuwa akikaza mkanda kwa mtaimbo kila uliporudia kulia. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huteketeza beringi za pampu na altaneta, na mkanda unaoteleza kwa sababu ya mzigo hauponi kwa kukazwa. Anayemlaumu dereva hapa anakosea. Alipewa mfumo usioweza kufanya kazi na akajitahidi kuufanya ufanye kazi. Pampu ikabadilishwa.

Kilichobaki kilikuwa uchaguzi, na mwenye gari alikuja akiwa ameshachagua.

"Nataka ule mkanda mmoja mpana, fundi. Wa mifereji. Nimeona Waaustralia wanaufunga kwenye 1HZ. Hizi kamba nimechoka nazo."

Mama huyu anaijua biashara yake na hakuwa anaropoka. Mkanda mpana wa mifereji, ule unaokuja kwenye magari mengi ya kisasa, una sifa za kweli. Unene wake ni mdogo, kwa hiyo unapinda kwenye puli ndogo bila kujichosha. Mifereji yake midogo, iliyopangwa kila milimita 3.56 kwenye aina ya PK inayotumika kwenye magari, inagawa mzigo upana wote. Una tenshena ya springi inayoukaza yenyewe, kwa hiyo hakuna mtaimbo. Puli za kuelekeza zinaweza kuwekwa ili mkanda ukumbatie altaneta zaidi ya nusu ya mzingo. Mkanda wa mifereji 8 uliopangwa vizuri utaendesha altaneta ya ampia 160 na usisikike. Kama mtu anajenga gari la kuvuka jangwa, lenye winchi ya umeme na altaneta kubwa, na anabeba spea zake zote mwenyewe, ningemfungia huo na ningemfungia kwa moyo mweupe.

Kwa gari hili nilimkatalia, na sababu zangu zilikuwa hizi.

Puli ya kranki ya 1HZ siyo puli tu. Ndani yake kuna mpira unaomeza mtikisiko wa kranki ndefu ya silinda 6. Vifaa vya kubadilisha mfumo ama vinaongeza puli mbele yake, ama vinaibadilisha yote. Ukiongeza uzito pale unagusa kitu kilichopimwa kwa makini na waliobuni injini. Wapo watengenezaji wanaofanya hivyo kwa usahihi, lakini kifaa kilichochongwa mjini kwa kukisia kinaweza kuvunja zaidi ya mkanda. Pia njia ya mkanda inahitaji uangalifu: mgongo wa mkanda ukipita juu ya puli, puli hiyo inazunguka kinyume. Pampu ya maji au feni ikizungushwa kinyume, gari litachemsha kwenye tambarare, achilia mbali Lerai.

Halafu kuna vumbi. Kati ya Olduvai na lango la Naabi barabara ni mawimbi mawimbi yenye vumbi laini la majivu ya volkano, na kiangazi linaingia kila mahali. Mifereji ya mkanda mpana hukusanya vumbi na vijiwe vidogo, na tope zito jeusi la masika likikaukia humo mkanda unapanda nje ya mstari. Puli ya mkanda wa V ina mfereji mmoja mpana, na tope nyingi hutoka lenyewe. Beringi za tenshena na puli za kuelekeza nazo zinakula vumbi hilohilo, na kila moja ni kitu kipya kinachoweza kufa.

Lakini sababu iliyonipa uhakika ni nyingine. Mfumo wa mkanda mmoja ukikatika, umepoteza kila kitu kwa sekunde moja: umeme, feni, maji. Injini ya dizeli ya zamani itaendelea kuzunguka bila altaneta, ila bila pampu ya maji huna kilomita nyingi kabla ya kuua gasketi ya kichwa. Mfumo wa mikanda miwili ukikatwa mmoja, wa pili bado unazungusha vyote vitatu. Unaondoa mabaki, unazima friji na kiyoyozi, unakwenda taratibu, unafika. Toyota iliweka miwili kwa sababu ya mzigo, naam, lakini kwa mtu aliye na wageni 7 karibu na simba, thamani kubwa iko kwenye huo wa pili. Na ukihitaji mkanda Seronera, katikati ya Serengeti, mtu wa gari la jirani ana mikanda ya 1HZ nyuma ya kiti. Mkanda wa kifaa kilichoagizwa ng'ambo hana.

"Basi umeme wa kambi nitapata wapi?" aliuliza, na hilo lilikuwa swali la haki. Hakununua altaneta kubwa kwa fahari. Wageni wanalipa, wanataka soda baridi na kamera yenye chaji.

Tulikaa tukahesabu matumizi badala ya kuhesabu ukubwa wa altaneta. Friji ya gari, kwa saa 24 za joto la Ndutu, inatumia kama ampia-saa 50. Kuchaji kamera, simu na kompyuta za wageni kupitia inveta, kama 30. Jumla 80 kwa siku. Gari la safari linatembea injini ikiwa imewaka saa 4 kwa uchache, mara nyingi zaidi. Ampia-saa 80 kwa saa 4 ni ampia 20 tu. Shida ilikuwa kwamba betri zile zilivuta zote kwa mkupuo asubuhi, hakuna kitu kilichozizuia. Altaneta ndogo ilitosha siku zote. Kilichokosekana ni kizuizi.

Kwa hiyo: altaneta ya ampia 80 ikarudishwa, yenye puli ya mifereji miwili, baada ya kukarabatiwa. Betri mbili za risasi zikatolewa, ikawekwa moja ya lithiamu chuma fosfeti ya ampia-saa 100, ndani ya kabati nyuma ya kiti cha dereva. Rilei ikatolewa, ikafungwa chaja ya kati ya betri na betri yenye kikomo cha ampia 25. Hata betri ikiwa tupu kabisa, haiwezi kuvuta zaidi ya hapo kwa upande wa kutoka, au kama 28 kwa upande wa altaneta. Jumlisha mahitaji ya gari lenyewe, taa, feni ya kiyoyozi, redio ya upepo, tunafika ampia 55 hadi 60. Mikanda miwili inabeba hiyo bila kupiga kelele. Betri ya namna hii haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na alfajiri za ukingo wa kreta hukaribia huko, ndiyo maana iko ndani na siyo chini ya shasi. Juu ya paa, sehemu isiyofunguka iliyo juu ya dereva, paneli ya sola inasaidia siku gari linaposhinda limezimwa.

Mikanda yenyewe tulinunua jozi. Nasisitiza hilo kwa sababu madukani wanauza mmoja mmoja na mnunuzi hufurahi. Mikanda miwili ya urefu uleule kwa jina, kutoka viwanda viwili, hutofautiana milimita chache. Ule mfupi unabeba mzigo wote na mrefu unacheza. Jozi ya kiwanda imepimwa pamoja. Ukibadilisha mmoja badilisha wote. Tulichagua ya meno upande wa ndani, maana inapinda vizuri kwenye puli ya altaneta na kupoa upesi. Puli tulizisugua kwa brashi ya waya na kuzifuta mafuta. Wapo wanaopaka sabuni ya mche au kupulizia dawa ya mkanda ili kelele iishe. Kelele inakwisha na vumbi linaganda hapohapo, siku mbili baadaye mkanda ni msasa.

Kukaza: kwa kidole gumba katikati ya kipande kirefu, kwa nguvu ya kilo 10 hivi, mkanda ushuke takriban milimita 10, na mpya uwe umekazwa kidogo zaidi kuliko wa zamani. Kisha gari likatembea hadi Monduli na kurudi, likapoa, tukakaza tena, kwa sababu mkanda mpya hujinyoosha na kujikalisha mwanzoni. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa zaidi kwenye magereji na ndiyo inayoua mikanda mizuri. Tuliweka rula ndefu kwenye uso wa puli kuhakikisha altaneta imekaa kwenye mstari. Breketi ilikuwa imepinda kidogo kutokana na mtaimbo, tukainyoosha.

Gari lilipanda Lerai wiki hiyohiyo likiwa limejaa. Mshale wa joto ulipanda kidogo kwenye kona za juu na kurudi.

Mama ana gari lingine, la V8 ya dizeli, 1VD, iliyoingia kwenye Land Cruiser 70 mwaka 2007. Hilo lina mkanda mpana wa mifereji tangu kiwandani, na ushauri wangu kwake ulikuwa kinyume cha nilioutoa hapa: usiguse mpangilio. Injini ile ilibuniwa hivyo. Udhaifu wake ni altaneta iliyokaa chini, mahali tope linapoifikia kwa urahisi, kwa hiyo baada ya kila siku ya matope ioshwe kwa maji ya taratibu, siyo kwa mashine ya presha. Mkanda wake usitazamwe kwa nyufa: mikanda ya kisasa ya mpira wa EPDM haipasuki ikichakaa, inapungua kina cha mifereji kama tairi, na kuna geji ndogo ya plastiki ya kupimia. Ukilia, nyunyiza maji upande wa mifereji injini ikizunguka. Kelele ikipungua kwa muda, puli moja iko nje ya mstari. Ikizidi, mkanda unateleza, na mara nyingi mkosaji ni tenshena iliyochoka. Kwa gari hilo mkanda mmoja na tenshena nzima viliingia kwenye boksi la spea, pamoja na spana ya kuvibadilishia, na dereva wake akafundishwa kuvibadilisha uani hapo gereji mpaka akaweza bila kuelekezwa.